Amplifaya ya baba imeamka
Wapendwa, amplifaya ya Technics ya marehemu baba imeimba tena! Ni ya miaka ya 1980, imekaa juu ya kabati hapa Kirumba, Mwanza, miaka mingi, imefunikwa kitambaa cha mama.

Nilianza na kipokezi cha Bluetooth. Iliimba, ila sauti ilibanwa, matoazi yanachakacha kama mchanga. Nikanunua kisanduku cha kupokea muziki kwa waifai: simu inabaki rimoti tu, wimbo unatoka mtandaoni moja kwa moja bila kubanwa upya. Waya nyekundu na nyeupe nikachomeka nyuma ya amplifaya, kwenye matundu yaliyoandikwa AUX, ya kuingizia sauti ya kawaida. Msichomeke PHONO tafadhali! Pale ni pa kucheza santuri, panakuza mawimbi dhaifu ya sindano, sauti itakwaruza vibaya.

Ubora nimeweka wa CD, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde. Bando linaliwa kweli, saa moja ni mamia ya megabaiti.

Lakini jioni hii, upepo wa ziwa ukiingia dirishani, gitaa la besi la rumba likaja safi, nasikia hadi vidole vikihama kwenye nyuzi. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hii ndiyo sauti ya baba yako," akasema, akakaa.