Aliyeokoka Akaleta Habari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano hii saa tano asubuhi nilikuwa nje ya duka hapa Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, napanga mifuko ya unga kwenye buti ya gari, ving'ora vikalia mji mzima. Ninyi mnaokaa huku mnajua kwamba Jumatano ya kwanza ya mwezi ni majaribio tu ya onyo la upepo mkali. Mimi hata sikuinua kichwa. Lakini dada niliyekuwa naye, mmoja wetu kanisani, alishika mlango wa gari kwa mikono miwili, akafumba macho, akabaki vile mpaka sauti ilipokoma. Hakulia. Alipofumbua macho aliniambia neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo siku zote hizi: "Dada, ile Jumapili uliposhuhudia, na mimi pia nilikuwa nimeomba."

Nilijua mara moja ni Jumapili ipi.

Turudi nyuma kidogo. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 26 Aprili 2024. Kwa Nebraska ilikuwa Siku ya Kupanda Miti, sikukuu iliyoanzia hapahapa mwaka 1872. Nchi hii ya tambarare imekaa mahali ambapo hewa ya joto na unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu ya upande wa milima ya Rocky, na juu angani upepo unakwenda kwa kasi nyingine na upande mwingine. Wingu likipanda katikati ya hayo huanza kuzunguka, na mara chache mzunguko ule hushuka mpaka ardhini. Ndiyo tornado. Sisi tumezoea kusema kimbunga, lakini kimbunga cha kwetu hutoka baharini, kina upana wa mamia ya kilomita na hukaa siku kadhaa. Hiki cha huku ni cha dakika chache. Kinafuta mtaa huu, mtaa wa pili unabaki na nguo zake kwenye kamba. Biblia yetu inacho neno lake: upepo wa kisulisuli.

Siku ile havikuwa kimoja wala viwili. Mchana kimoja kilipita kaskazini-mashariki ya mji wa Lincoln, kikaangusha jengo la kiwanda lenye watu wapatao 70 ndani. Watatu waliumia, na wote wakatoka hai. Haikupita muda, kingine kikaingia Elkhorn, upande wa magharibi wa mji wetu, upepo wa maili 170 kwa saa, karibu kilomita 270. Kingine kikapiga Eppley, uwanja wa ndege wa hapa Omaha. Jioni, ng'ambo ya mto Missouri, mji mdogo wa Minden huko Iowa ukabomolewa, na mtu mmoja akafa kwa majeraha yake. Jumamosi usiku vikafika jimbo la Oklahoma, na watu wanne wakafa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miezi minne.

Mimi nilikuwa nyumbani, nimelala baada ya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Simu ikapiga ile sauti yake ya kutisha. Nyumba tunayopanga haina chumba cha chini ya ardhi, kwa hiyo nikawaingiza watoto bafuni, nikavuta godoro juu yetu, nikaita damu ya Yesu kwa sauti ambayo jirani bila shaka aliisikia. Mvua ya mawe ilipiga dirisha. Kisha kukanyamaza. Tukatoka, kila kitu kiko mahali pake, hata kikombe cha chai mezani.

Jumapili nikasimama mbele, nikachukua maikrofoni. Nayakumbuka maneno yangu kwa sababu mwanangu aliyarekodi. Nilisema: "Tuliomba, na upepo ukageuka. Mungu anawajua walio wake. Anayeomba hapotezi." Kanisa likaitika amina, vigelegele vikapigwa, mchungaji akasema mpigieni Bwana makofi. Nikarudi kukaa nikiwa na furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli, sitaikana leo.

Safu ya tatu alikuwa amekaa huyu dada na watoto wake wawili, wamevaa nguo za kuazima.

Familia ile ilifanya kazi zamu za usiku miaka mingi wakiweka dola kwa dola, wakanunua nyumba upande wa magharibi, ya kwanza katika ukoo wao tangu walipotoka kambi ya wakimbizi. Siku ile walishuka chini kwa ngazi, yeye, watoto na mama mkwe. Akaomba. Maombi yaleyale niliyoomba mimi, kwa maneno yaleyale, maana tumefundishwa na watu walewale katika mkesha uleule. Walipopanda juu, mahali pa dari aliona mbingu. Jiko halikuwapo. Gari lilikuwa ndani ya uwanja wa mtu mwingine. Siku mbili baadaye akaja kanisani kutafuta kuegemea, akamkuta dada yake katika Kristo ameshika maikrofoni, anamwambia kwamba anayeomba hapotezi.

Wapendwa, nimekuwa nikifungua Ayubu wiki hii, si mahali pale tunapopapenda ambapo anarudishiwa mara mbili. Nimesoma mwanzo. Sura ya kwanza, mstari wa 19: upepo wa nguvu unatoka pande za jangwani, unaipiga nyumba pembe zake nne, nayo inawaangukia vijana, nao wanakufa. Nyumba ile ilikuwa ya watu waliokuwa wakiombewa. Baba yao alikuwa akiamka asubuhi na mapema na kutoa sadaka ya kuteketezwa kwa ajili ya kila mmoja wao. Hakuna mzazi kati yetu aliyewahi kuwaombea watoto kama Ayubu. Na upepo ukaja.

Ndipo anatokea mtumishi mmoja ambaye hatumtaji kamwe katika mahubiri. Hana jina. Anasema, "Mimi nimeokoka peke yangu kukuletea habari." Nimeusoma mstari huo tangu utotoni na sikuwahi kuuona. Huyu mtu ameokoka kwenye nyumba iliyoanguka. Alikuwa na ushuhuda kuliko wangu! Angeweza kwenda sokoni akasimulia jinsi ukuta ulivyoanguka kushoto naye akiwa kulia. Lakini maneno yote ya kinywa chake yanaelekea kwa mtu mmoja, yule aliyefiwa. Kuokoka kwake kukawa mzigo wa miguu, akakimbia kwenda kwa baba wa marehemu. Hakusema "mimi nimeokoka kwa sababu." Alisema nimeokoka ili nije kwako.

Mimi niliishia kwenye "kwa sababu." Nilipookoka sikukimbia kwa mtu yeyote. Ijumaa ile jioni nilijua kabisa kwamba Elkhorn imepigwa, nilijua nani katika sisi anakaa upande ule, nikatuma ujumbe mmoja, "Poleni, mko salama?", nikaingia kazini usiku. Jumamosi nikalala. Jumapili nikashuhudia. Wale marafiki watatu wa Ayubu, ambao tunawalaumu sana, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Wao walingoja siku saba ndipo wakakosea. Mimi nilingoja siku mbili.

Na mjue walikosea wapi. Bildadi, katika sura ya nane, anamwambia mtu aliyezika watoto kumi kwamba labda watoto wale walitenda dhambi. Anamwambia usoni! Mwisho wa kitabu hasira ya Bwana inawaka juu yao kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake. Walikuwa wanamtetea Mungu, na Mungu mwenyewe akaukataa utetezi wao. Hilo linanitetemesha mimi ninayependa kusema mbele za watu.

Niwaonye sasa, na ninaanza na nafsi yangu. Kila upepo ukipiga nchi hii, simu zetu zinajaa sauti za WhatsApp: Marekani inahukumiwa, mji ule una dhambi hii na ile, manabii walisema. Watu wanazisambaza kabla hata majeruhi hawajatolewa chini ya matofali. Acheni. Yule mtoto wa miezi minne wa Oklahoma alikuwa na dhambi gani ya taifa? Mlipokuwa mkisambaza hayo, wiki ileile nyumbani kulikuwa na mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalipasua njia huko Mai Mahiu, Kenya, yakachukua watu makumi wakiwa vitandani, na ziwa Tanganyika lilikuwa limefurika hadi ndani ya nyumba za ndugu zetu wa Uvira na Bujumbura. Hapo sikusikia mtu akisema wamehukumiwa. Hapo tulilia, tukachanga. Kwa nini maji ya kwetu ni msiba, na upepo wa Elkhorn ni hukumu? Ni kwa sababu wale wa Elkhorn hatujawahi kuingia kwao na kunywa chai.

Bwana Yesu naye alikutana na swali hilihili. Kumi na wanane waliangukiwa na mnara huko Siloamu. Akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Kisha akawageukia waliobaki hai, akawaambia watubu. Angalieni anamgeukia nani. Kuhusu waliokufa hakutoa maelezo yoyote. Alifunga tu mdomo wa wale waliotaka kuwapimia. Toba aliidai kwa waliosimama pale wakimsikiliza.

Najua mtu ataniuliza, basi tusishukuru? Tushukuru. Wale 70 wa Lincoln kutoka hai chini ya jengo lililoanguka, mimi nitamshukuru Mungu mpaka nife. Elkhorn nzima, na nyumba zote zile zilizobomoka, hakuna aliyekufa, na hapo namshukuru Mungu pia kwa watu waliokaa mbele ya rada zao katika ofisi ya hali ya hewa pale Valley wakitoa onyo baada ya onyo, mpaka watu wakawa wameshuka chini kabla upepo haujafika. Hiyo nayo ni rehema, ingawa haitushtui kama muujiza wa godoro langu. Ila shukrani na kipimo ni vitu viwili. Mtu anaweza kusema "Bwana amenihurumia" bila kuongeza "kwa kuwa mimi ni mwombaji." Ukiongeza, umemhukumu mwenzako aliyekaa safu ya tatu, hata kama hukumtazama.

Na ile nyumba juu ya mwamba katika Mathayo saba, someni tena polepole: mvua, mafuriko na pepo vilizipiga nyumba zote mbili. Dari ya huyu dada imekwenda. Yeye mwenyewe bado anamwita Yesu Bwana, na Jumapili ile alikaa mpaka mwisho wa ibada, akatoa sadaka. Ni nani aliyejenga juu ya mwamba kati yetu wawili? Nimeliona jibu, na limenifanya nipige magoti.

Sina maelezo ya upepo. Tuna haraka sana ya kumnukuu Eliya, kwamba Bwana hakuwamo katika upepo ule, na tunasahau kwamba sura ya 38 ya Ayubu Bwana anajibu kutoka katika upepo wa kisulisuli wenyewe. Upepo ulioua watoto sura ya kwanza. Na baadaye kutoka ndani ya upepo, sauti. Naye Ayubu, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuuogopa upepo, alisimama akasikiliza. Sijui niseme nini zaidi hapo. Nimebaki kuusoma.

Nilimwomba dada msamaha palepale nje ya duka, tukiwa na unga wetu na watu wanapita. Alinisamehe haraka kuliko nilivyotarajia, akasema hakuwahi kunichukia, alikuwa anangoja tu mtu amuulize ilikuwaje. Muda wote huu hakuna aliyemuuliza. Tulimpa nguo, tulimpa sufuria, tukamchangia, na mimi nilichanga, lakini hatukumuuliza. Basi tukakaa ndani ya gari akanisimulia yote, kuanzia sauti ilivyokuwa mpaka harufu ya mbao mbichi na gesi walipopanda juu. Jumapili hii, mchungaji akiniruhusu, nitasimama mahali palepale nirudishe maneno yangu. Jina lake sitalitaja, ameniomba hivyo.

Kuna jambo moja zaidi aliloniomba. Nyumba wanayokaa sasa ina chumba cha chini, lakini tangu siku ile miguu yake inakataa zile ngazi. Anaogopa atakachokikuta akipanda. Akaniuliza kama siku ving'ora vitakapolia kweli, mchana au usiku, nitampigia simu na kuendelea kuongea naye wakati anashuka. Onyo lenyewe huja kwa Kiingereza na Kihispania, na mama mkwe wake hasikii hata kimoja, kwa hiyo nimwambie na yeye kwa Kiswahili nini cha kufanya.

Alhamisi jioni kabla ya zamu tulijaribu. Nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya kiwanda, simu sikioni, nahesabu naye ngazi moja moja. Ziko kumi na tatu. Kwenye ya saba alisimama, nikasikia anapumua, na nyuma yake mama mkwe akisema polepole, "Endelea, mwanangu." Sikuhubiri. Nilihesabu tu. Alipofika chini aliniambia, "Nimefika, dada. Usikate kwanza."