Kwa mwendo wa watoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umekuwa haba. Tunahama tena, na mizigo hainisumbui; kinachonikesha ni shule ya mwanangu mwenye usonji (autism). Nimepiga simu hadi sauti imekauka. Huku nafasi zimejaa, kule wanataka tathmini mpya, kwingine mtaalamu wa usemi ana foleni ya miezi.

Ndipo nikarudi Mwanzo 33. Yakobo yuko njiani na nyumba yake yote, na ndugu yake Esau amekuja kumlaki na watu 400. Esau anataka waongozane. Yakobo anamjibu kwamba watoto bado wadogo, yeye ataongoza polepole kwa mwendo wao. Miaka yote nimesoma mistari hiyo bila kuona kwamba Yakobo aliutaja udhaifu wa watoto wake mbele ya mtu aliyemwogopa kuliko wote.

Mimi nilificha. Tulipohama mara ya kwanza, fomu iliuliza kama mtoto ana hitaji maalumu, nami nikapiga mstari, kama kusema hana. Ripoti ya tathmini niliiacha kabatini, nikijiambia natembea kwa imani. Siku ya tatu nikaitwa shuleni. Nilimkuta chini ya dawati, viganja masikioni, kaptula imelowa. Kengele ilikuwa imelia, na hakuna aliyejua kengele inamfanya nini. Mwalimu hakuwa na kosa. Angejuaje?

Mzazi mwenzangu, niliiita imani, kumbe ilikuwa aibu. Usimfiche mtoto! Mungu aliyekupa hamwonei haya, wewe unamwonea haya ya nini? Mweleze mwalimu yote kabla ya siku ya kwanza: kinachomtisha, kinachomtuliza, anaombaje maji kama hasemi. Ripoti na mpango wake wa masomo vibebe mkononi, usivipakie kwenye lori. Mwombe mwalimu mnayemwacha amwandikie barua mwalimu mnayemwendea. Omba mtoto alione darasa likiwa tupu, upige picha za mlango, dawati na choo, mzitazame pamoja kila jioni kabla ya safari. Wakikukataa, uliza sababu, tena kwa maandishi. Kusoma ni haki yake, hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unasema hivyo katika kifungu cha 24.

Nanyi watumishi, familia ngeni ikiingia ibadani na mtoto akapiga kelele, msikimbilie kukemea pepo. Usonji si pepo. Mpisheni mama kiti karibu na mlango, kisha mumuulize kama amepata shule.

Jumatatu tunakwenda kuliona darasa, mtukumbuke katika maombi. Ripoti iko kwenye mkoba wangu. Fomu nimeijaza usiku huu. Pale kwenye hitaji maalumu nimeandika hadi nafasi ikaisha, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma.