Kipimo cha moyo cha mzee

Jamani, mzee wetu kesharudi Wete salama baada ya kipimo cha siti skani ya mishipa ya moyo kule Dar es Salaam, alhamdulillah. Wengi mmeniuliza inakuwaje, basi nawaeleza.

Kwanza wanapima damu kuangalia figo, maana ile dawa ya rangi inayopitishwa mshipani hutolewa na figo. Chai na kahawa marufuku (kwa mzee wetu huo ndio uliokuwa mtihani hasa). Mapigo yakiwa juu anapewa kidonge cha kuyatuliza, wanapenda yashuke karibu na 60 kwa dakika, ama sivyo picha inatoka na ukungu. Dawa ikiingia, mwili mzima unapata joto. Mzee akadhani kajikojolea! Mtaalamu akacheka, akamwambia wengi hudhani hivyo.

Kabla ya dawa walipiga picha ya kuhesabu chokaa kwenye mishipa. Akapata 0. Dada kashaanza vigelegele, daktari akamzuia: chokaa ni utando wa zamani uliokwisha kuwa mgumu. Ule laini wenye mafuta haumo kwenye hesabu hiyo, na ndio mwepesi kupasuka ukagandisha damu. Picha ya pili, yenye dawa, ikaonesha upo kidogo, mshipa mmoja tu, haujabana njia. Kaandikiwa dawa za kolesteroli, hakuna kupasuliwa.

Sasa tunabishana naye juu ya urojo wa jioni. Anasema bajia hazikutajwa kwenye ripoti.