Jinsi nilivyookoa weusi wa lava kwenye picha za karatasi

Wandugu, kila nilipopeleka picha zangu za nyeusi na nyeupe kwenye klabu yetu ya wapiga picha hapa Goma, maneno yalikuwa yaleyale: "Huku chini ni masizi matupu." Kwenye ordinateri, mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 yalionyesha vitundu na nyufa, na gurudumu la chukudu (kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo) lilijitenga vizuri. Kwenye karatasi vyote vilimezwa.

Nilipunguza mwanga wa kioo cha ordinateri, ikasaidia kidogo tu. Nikang'arisha picha nzima, mawingu yakafutika.

Kilichofaulu ni kipande cha majaribio. Kwenye programu ya picha, ambamo 0 ni weusi kamili na 255 ni weupe kamili, nilichora visanduku vya 0, 5, 10, 15, hivyo hivyo hadi 50, nikaomba studio wakichape kwa mashini na karatasi ileile ya picha zangu, na mashini isijirekebishie mwanga. Hilo ndilo lililoamua yote: ikijirekebishia, kipimo kinadanganya. Kilipokauka nikakitazama chini ya taa ya chumba cha klabu, si dirishani. Kuanzia 0 hadi 20 sikuona tofauti yoyote. 25 ndicho cha kwanza kujitenga.

Basi kwenye programu nikapandisha weusi wa mwisho (sehemu nyeusi kabisa ya picha inayotoka) kutoka 0 hadi 20, ili uanzie pale karatasi inapoanza kuonyesha tofauti, nyeupe nikaiacha palepale. Kwenye kioo picha itaonekana imepauka. Msiiguse!

Karatasi ilipotoka, vitundu vya lava vilionekana kimoja kimoja. Mkubwa mmoja wa klabu sasa ameacha weusi, analalamikia mstari wa ziwa kwenye picha, eti umelala upande.