Ekyoto: namna ya kukoka moto wa kimila na kuutunza mpaka asubuhi

Karibu na Wankaaki, lango kuu la Lubiri ya Mengo, jumba la kifalme la Buganda nchini Uganda, kuna moto usio wa kupikia wala wa kuota. Huo ni Ggombolola, moto wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Huwaka muda wote wa utawala wake, na akifariki huzimwa. Ndiyo maana Muganda akitangaza msiba wa Kabaka husema "omuliro gwa Buganda guzikidde", moto wa Buganda umezimika. Mtunzaji wake ana cheo chake, Musolooza, na kazi hiyo si ya kila mtu. Tunayeweza kumzungumzia hapa ni mdogo wake: ekyoto, moto wa mafiga unaokokwa nje ya essabo, nyumba ya ibada ya kimila.

Mafiga ni matatu. Kwa Luganda huitwa amasiga, na essiga ndilo pia jina la tawi kubwa la ukoo: chini ya mkuu wa kika, yaani ukoo, huja essiga, kisha mutuba, kisha lunyiriri. Basi ukilisogeza figa kwa teke mbele ya wazee, usishangae ukikemewa. Tafuta mawe makavu ya mlimani. Jiwe la mtoni au la kinamasi lina maji ndani. Likipata moto mkali maji hugeuka mvuke na jiwe hupasuka, vipande vikaruka usoni mwa watu waliopiga magoti. Bonge kavu la kichuguu ni salama zaidi.

Mahali pa kukoka ndipo wengi wanapokosea. Masabo mengi yameezekwa nyasi. Hatua kumi na tano kubwa kutoka kwenye paa ndiyo hesabu nzuri, tena upande ambao upepo hauelekei nyumba. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka huko Kasubi, iliteketea tarehe 16 Machi 2010, na kila aliyeona picha zile anajua nyasi kavu hazisubiri ndoo ya maji. Weka ndoo mbili na mchanga kabla ya kiberiti, si baadaye.

Washia essanja, majani makavu ya mgomba, juu yake vijiti vyembamba, kisha magogo matatu yenye unene wa mkono, urefu kama mita moja. Kila gogo lipite kati ya mafiga mawili, vichwa vikutane katikati. Yakiungua unayasukuma ndani kidogo kidogo. Huna haja ya kurundika. Mafuta ya taa yaache: yananuka, na harufu ile hufunika kila kitu kingine. Mkaratusi huwaka haraka na kuisha haraka, kwa hiyo kwa mkesha utahitaji mara mbili ya kuni. Mnyaa usiuguse kabisa, maana utomvu na moshi wake huchoma macho. Mbao za jengo zilizopakwa rangi au dawa nazo hazifai.

Moto ukishatulia ndipo kabona, kuhani wa kimila, huanza. Viatu vimevuliwa, kiuno au bega limefungwa lubugo, kitambaa cha gome la mti uitwao mutuba. Anamtaja anayeitwa: Mukasa wa ziwa, Kiwanuka wa radi, au mababu wa ukoo. Sadaka ya kawaida ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, zinazoletwa katika kikapu kidogo pamoja na sarafu. Hesabu inayopendwa ni tisa, kwa Luganda mwenda. Msiwape wageni wote zamu ya kutupa vitu motoni. Buni mbichi nyingi kwa pamoja hutoa moshi mzito, na mwenye pumu ndiye hulipa.

Usiku wa manane acha miali ishuke. Kusanya makaa manene katikati, yafukie kwa majivu unene wa vidole vitatu, na uache ncha moja ya gogo ndani. Alfajiri ukifukua ukute majivu baridi, sababu huwa ni moja kati ya mbili: makaa yalikuwa membamba, au majivu yalikuwa na unyevu wa mvua. La kwanza hutibiwa kwa gogo nene zaidi. La pili, kwa debe kavu la majivu ya jana lililowekwa chini ya paa.