Utitiri kwa mende wangu wa Madagaska: jinsi nilivyoumaliza

Wadau, mvua zilivyoanza hapa Mtwara beseni ninamofugia mende wangu likajaa vidudu vyeupe, yani ukitazama kwa mbali unadhani unga umemwagika ila ukiinama unaona unatembea, na dume langu lile lenye pembe kubwa lilikuwa navyo hadi kwenye maungio ya miguu na vile vitundu vya ubavuni wanavyopumulia, ambavyo ndo hivyo hivyo wanatoa ile fsss yao. Mama mdogo akasema wape kuku wale.

Kwanza usichanganye, kuna wale wa kahawia wanaokimbia haraka mwilini mwa mende, hao wanakula makombo tu, waache. Weupe ndo utitiri wa nafaka na unapenda unyevu, wangu ulikuwa kwenye pumba zilizopata maji ya mabibo.

Dawa ya mbu usiguse kabisa, inaua mende wenyewe. Nilimwaga pumba zote, beseni nikaosha na maji ya moto nikaanika juani mpaka likakauka kweli, mende nikawatia mmoja mmoja kwenye mfuko wenye unga mkavu nikatikisa taratibu, utitiri unadondoka na unga, halafu brashi laini kwenye miguu. Aliyetoka kujivua gamba bado mweupe usimtikise, analainika sana huyo.

Sasa juu nimeweka kipande cha chandarua badala ya mfuniko, matunda yanalala usiku mmoja asubuhi natoa. Dume linafoka vizuri tu.