Sefu la nyumbani Kirumba, Mwanza

Hati ya kiwanja changu cha Nyegezi nilikuwa naiweka chini ya godoro, mpaka siku nilipoikuta imeota madoa ya ukungu pembeni, karibu kabisa na muhuri. Roho iliniuma. Unyevu wa ziwa hauna huruma na karatasi.

Fundi alinikataza lile sefu jepesi la bati: mwizi analibeba kwapani, akalivunjie kwao. Nimechukua lenye matundu manne chini, tukalifunga kwa bolti kwenye zege, ndani ya kabati. Karatasi huungua joto likifika nyuzi 230 hivi, ndiyo maana niliuliza kwanza linahimili moto dakika ngapi. Linafunguka kwa namba na linatumia betri. Ufunguo wa akiba upo kwa mama, Igoma. Vifuko vya kunyonya unyevu nimeshaweka viwili.